Chupa Tatu za Mchanga

Siku ile bakuli la choo lilipong'olewa tulikuwa watu sita katika nyumba ya kwanza ya safu ya chini, ndani ya kambi ya jeshi pale Mbarara. Alikuwepo Mzee Barnaba, fundi bomba wa Biharwe, amepiga magoti na patasi mkononi. Alikuwepo Sajenti Odong, mwenye nyumba, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limeumia kazini na halikunjiki tena, na mkewe Mama Akello, amejifunga leso puani. Alikuwepo kapteni aliyesimamia nyumba za askari, ambaye sikuwahi kulijua jina lake kwa sababu kila mtu alimwita Afande, kisha akanyamaza. Mlangoni alisimama jirani waliyemwita Mama Saluti, kwa kuwa alimpigia saluti kila aliyepita na sufuria ya chakula. Wa sita nilikuwa mimi, Dorika, umri wangu miaka kumi na saba, nimeshika ndoo, moyo unanidunda kwa furaha. Harufu ilikuwa kali, mwenye nyumba alikuwa amekasirika, na mimi nilikuwa na furaha, kwa sababu nilikuwa naenda kuona jinsi choo kilivyo kwa chini.

Mzee Barnaba tumemzika wiki iliyopita, nyuma ya nyumba yake, pale migomba inapoishia. Tangu siku hiyo mwaka ule umenirudia mzima. Habari za wazazi wangu, na za njia iliyotuleta kutoka Kivu Kusini, sitaziandika hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule ulipoanza tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha udongo Nakivale, makazi ya wakimbizi, juu turubai: mimi, Eliya, Rebeka na Samweli mdogo, na mkubwa nilikuwa mimi. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la tano. Jioni moja wazee wa kanisa walikuja kututembelea. Niliwapa viti viwili tulivyokuwa navyo na ndoo iliyogeuzwa, nikaenda nyuma ya pazia kukoroga maharage. Walisali, kisha wakaongea kwa sauti ya chini, kama watu wanaodhani pazia ni ukuta. Rebeka aende Oruchinga, makazi mengine ya wakimbizi, kuna familia ya kanisa itakayompokea. Eliya amefika umri wa kuchunga, kuna mzee mwenye ng'ombe anatafuta mtu. Samweli abaki kwa Mama Pasta. Mimi walinitaja mwisho, wakasema nitaolewa. Walikuwa watu wema. Kila mmoja alikuwa na watoto wake na mgao wa chakula usiotosha. Nilimsikia Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, akisema, "Batoto bane bila muzazi, batakula nini? Tubagawanye tu, Mungu ataona." Nilitoka na sufuria mikononi, bila kitambaa, nikawaambia naomba wanipe mpaka Noeli. Kama Noeli ikifika sina kazi ya kudumu, wawagawanye, nami sitafungua mdomo. Mama Pasta alinitazama vidole kabla ya kunitazama usoni. "Weka ile sufuria chini, mwanangu," akasema. "Unaungua. Tumekupa mpaka Noeli."

Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kubeba maji kwenye jengo moja Mbarara, na maji hayo ndiyo yaliyonipa kazi ya pili. Sisi tuliokulia Nakivale tulijua kubeba maji kama wengine wanavyojua kuimba. Ulipanga foleni ya bomba tangu kabla ya jua, ukasukumwa, ukatukanwa, na ukipata dumu lako moja ulitembea nalo kana kwamba umebeba mtoto mchanga. Maji ya kunawa mikono yaliosha sahani, ya sahani yaliosha sufuria, ya sufuria yakaenda kwenye mboga mlangoni. Mtoto akimwaga kikombe, nyumba nzima ilinyamaza. Basi pale kwenye jengo nilipanda ngazi na madumu mawili, nikashuka, nikapanda tena, na nyuma yangu hakukuwa na tone. Mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufu, ndiye Barnaba, alinitazama siku nne bila neno. Siku ya tano aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia, akacheka kwa pua. "Mtu hamwagi maji, huyo ni wa bomba," akasema. "Kesho wewe nakuja na mimi, muhara wangye." Maneno yale mawili ya mwisho sikuyaelewa. Mkewe, Mama Keti, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kwa Kinyankore maana yake ni binti yangu.

Siku za kazi nililala Biharwe, katika chumba chao cha stoo, kati ya mabomba na mifuko ya saruji, na Jumamosi nilirudi Nakivale na ndizi alizonifungia Mama Keti. Wadogo zangu waliangaliwa na Mama Pasta juma zima. Nikiulizwa nilisoma wapi ufundi, nasema mezani. Mama Keti alipakua matoke yaliyoiva ndani ya majani yake, na mchuzi wa karanga, na Mzee alianza somo hapo hapo. Aliinamisha sahani yake mchuzi utiririke polepole hadi ukingoni. "Bomba ikilala sana, mzigo nabaki," alisema. Aliinamisha zaidi, mchuzi ukakimbia na vipande vya karanga vikabaki nyuma. "Ikisimama sana, maji nakimbia nawacha mzigo njiani. Choo nataka katikati. Maji na mzigo nasafiri pamoja, kama bwana na bibi." Mama Keti alimwambia kila siku kwamba chakula si mahali pa mambo hayo, na kila siku Mzee alikubali, kisha akainamisha sahani tena. Mimi nilisahau kula. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akinieleza kitu kana kwamba nitakihitaji maisha yangu yote.

Na lazima niseme ukweli, wakati huo sikuwa nimewahi kutumia choo cha kuvuta maji. Kwetu choo ni shimo, na kazi ya mwanadamu ni kulifunika na kumwagia majivu. Cha kwanza nilikiona kwenye jengo lile, siku tuliyomaliza kukifunga. Mzee aliniambia nijaribu. Nilivuta mkono wa tangi, maji yakanguruma, nikaruka mpaka mlangoni. Nikarudi, nikavuta tena. Mara ya tatu niliinama kabisa nione yanakopotelea. Mzee alikuwa nje akicheka, na mimi nilicheka pia, ila ndani ya kicheko kuna kitu kilinichoma. Nilikuwa nimelitazama tangi likijaa, na macho yangu yalijua kupima maji bila kipimo: kila mvuto ulikuwa nusu dumu. Nusu dumu, kitu kile Rebeka alichokibeba kichwani kutoka bombani. Niliporudi nyumbani Jumamosi nikawasimulia, Rebeka alikataa kuamini. "Yaya, nusu ya bido?" aliuliza, maana kwetu dada ni yaya na dumu ni bido. "Kwa mutu moja? Na yanaenda fasi gani?" Nilimwambia yanaenda chini ya ardhi. "Bale batu ni batajiri sana," akasema.

Kisha ikaja kazi ya kambi ya jeshi. Sajenti Odong hakuweza tena kuchuchumaa kwa sababu ya goti lile, na kapteni akaruhusu nyumba yake iwekewe choo cha kukaa. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya safu yenye nyumba kumi na mbili, na kapteni alimwambia Mzee Barnaba mbele yangu kwamba choo hicho kikifanya kazi vizuri mwezi mmoja, nyumba kumi na moja zinazobaki ni zetu. Mzee alinikonyeza. Nyumba kumi na moja zilikuwa kazi ya kutuvusha Noeli na zaidi. Nilichimba mfereji wa bomba kwa siku mbili bila kuhisi mgongo. Mama Saluti alikuja kututazama kila asubuhi na kikombe chake cha uji, akawauliza wenzake kwa sauti ya kunifikia, huyu msichana wa Nakivale najua nini ya choo ya kukaa, si kwao ni shimo tu. Wakacheka. Mzee alimjibu bila kuinua kichwa kwamba hata choo ya kukaa mwisho wake ni shimo, mama, tofauti ni safari. Nilifurahi mpaka nikakata mfereji ukapinda, akaniambia niunyooshe.

Siku ya mwisho Mzee aliitwa ofisini kwa kapteni kuzungumza habari za zile nyumba nyingine. Ilibaki kufunga tangi tu, na kwa mara ya kwanza aliniachia kazi peke yangu. Nililifunga vizuri. Hakuna hata tone lililovuja, ningeweza kulilamba. Lilipokuwa linajaa nilisimama nikatazama maji yale yakipanda, safi, ya kunywa kabisa, na nikaona kichwa cha Rebeka. Nyumbani mwa Sajenti walikuwa watu saba. Nilijiambia kwamba hakuna choo kinachohitaji maji yote yale, kwamba aliyepima alikuwa mtu asiyejua foleni. Nje kulikuwa na chupa tupu za plastiki. Nikachukua tatu kubwa, nikazijaza mchanga, nikazifunga vizibo, nikazilaza ndani ya tangi. Kisha nikalishusha na boya linalofunga maji, ili lifunge mapema. Nikavuta mkono: maji yakashuka, machache, ya adabu. Niliona nimetenda jema. Sikumwambia Mzee, kwa kuwa nilitaka siku moja Mama Akello agundue mwenyewe akashukuru.

Wiki ya pili Mama Akello alikuja hadi kwenye jengo tulipokuwa, miguu ina vumbi, na hakuwa na shukrani. Alisema kitu kinazunguka ndani ya bakuli, kinashuka kidogo, kinarudi kumtazama. Sasa hakishuki kabisa. Alikuwa akimwaga ndoo nzima kila mara ili kiende, na wiki hiyo hata ndoo imeshindwa, na Sajenti ameanza kwenda kwa jirani na fimbo yake kama mgeni. Kambini, alisema, wanakiita choo ya mkimbizi. Mzee Barnaba hakubishana. Alinawa mikono, akachukua patasi na pimamaji, tukaenda.

Ndivyo tulivyokutana sita siku ile. Mzee alikuwa na hakika kwamba kosa liko kwenye bomba, na mimi nilimwamini, kwa hiyo nilifurahi kama mtu anayekwenda kufunua siri. Alizungusha patasi kwenye saruji ya chini, kidogo kidogo, tukalishika bakuli huku na huku, likatoka. Niliona mdomo wa bomba, niliona pete ya mpira imekaa sawa kama tulivyoiweka. Tukazibua uchafu uliokwama, tukaosha. Mzee aliweka pimamaji juu ya bomba, akalala kifudifudi kwenye sakafu ile ili asome vizuri. Kiputo cha hewa ndani ya kioo chake kilikuwa pale pale kinapotakiwa kuwa. Tukafukua mfereji wa nje mpaka kwenye chemba, lile shimo la ukaguzi lenye kifuniko, akapima tena mara tatu. Sawa. Kapteni alitazama saa yake. Alisema ana fundi mwingine Isingiro, na watu wake hawawezi kuishi na kazi mbovu. Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kupoa, kwa sababu nilisikia nyumba kumi na moja zikiondoka, na nyuma yake nikaona ng'ombe wa yule mzee, na Eliya akiwafuata.

Mzee Barnaba alisimama, akapangusa magoti, akainua kifuniko cha tangi. Alitazama ndani. Akatia mkono, akatoa chupa ya kwanza, maji yanachuruzika, akaiweka chini taratibu. Akatoa ya pili, akatoa ya tatu. Zilisimama sakafuni mbele yetu kama wageni watatu. Alinitazama mara moja tu, muda wa kupepesa, na katika muda huo nilielewa sahani ya mchuzi, maji na mzigo kusafiri pamoja, yote.

"Nani naweka hii?" kapteni aliuliza.

Nilifungua mdomo. Mzee alikuwa ameshajibu.

"Mimi, afande. Nilitaka kusaidia maji. Nilikosea."

"Wewe, Barnaba? Miaka yote hii fundi?"

"Mimi, afande."

Mama Saluti alianza kucheka. Kapteni hakucheka. Mzee akamwomba Mama Akello viazi ulaya sita, vidogo, vya saizi ya yai, akamwambia Sajenti asimame kwenye chemba. Akalirudisha bakuli juu ya pete, bila saruji, na kwa kuwa lingetikisika aliniamuru nilikumbatie. Nililikumbatia, shavu kwenye ubaridi wake. Alirudisha boya mahali pake, tangi likajaa mpaka juu, nusu dumu kamili, na safari hii sikulihesabu. Akatumbukiza viazi vyote sita, akavuta mkono. Maji yalinguruma, bakuli likatetemeka kifuani mwangu. Nje ikasikika sauti ya gwaride. "Ya kwanza, pita!" Sajenti alikuwa amesimama wima na fimbo, mguu umenyooka, macho ndani ya chemba. "Ya pili, pita! Ya tatu, pita! Ya ine, pita!" Wanawake walitoka kwenye nyumba zao. "Ya tano, pita!" Kisha kimya. Tulingoja. Mama Akello alishuka ngazi akaenda kuinama badala ya mumewe, akasema hakuna. "Moja nakosa," kapteni alisema. Mzee alinyanyua kidole, tungoje tangi lijae. Sijawahi kusikiliza maji kwa hamu ile, na nimesikiliza maji mengi. Yalipanda, yakapanda, yakakata. Akavuta mara ya pili.

"Ya sita," Sajenti alisema, akanyamaza, na nusu ya kambi ikanyamaza naye. "Pita!"

Mama Saluti aliipigia chemba saluti, kwa mkono uliokuwa na kikombe. Watu walicheka hadi wakashikana. Nami nilikuwa bado nimekumbatia choo, nalia na kucheka, na hakuna aliyeona ajabu. Kapteni alisema tuanze nyumba ya pili kesho. Alipofika mlangoni aligeuka. "Lakini Barnaba," akasema, "chupa ni ya baa." Tangu saa hiyo kambi nzima ilimwita Barnaba Chupa, na jina likatoka getini, likafika sokoni, likafika Biharwe kabla yetu.

Njiani nilimwambia kwamba nitarudi kusema ni mimi. "Leo ukisema, kapteni nafunga geti, mkimbizi hapana ingia tena," alisema. "Mimi nina jina, muhara wangye, naweza kukata kidogo. Wewe bado hauna ya kukata. Siku utakuwa nayo, nenda kwa Odong, sema. Lakini usingoje nizikwe na hii jina ya Chupa." Nilimwahidi. Jioni hiyo mezani alidai sahani yake, akaiinamisha, Mama Keti akamkemea, na ilikuwa kama siku nyingine zote.

Noeli ilitukuta kwenye nyumba ya saba. Wazee wa kanisa walikuja Nakivale kama walivyosema, wakakaa kwenye viti vinne, kwa kuwa viti vilikuwa vimeongezeka, na Mama Pasta akala matoke ya Mama Keti na kuomba mengine. Hakuna aliyetaja Oruchinga. Samweli aliwaeleza jinsi viazi vinavyopita bombani, akitafuna, kinywa kimejaa, na Rebeka alirekebisha hesabu yake. Mpaka leo wadogo zangu hawajawahi kugawanywa ila na ndoa.

Kwa nini sikwenda kwa Odong? Alihamishwa, nikajiambia nitasema nikimwona. Jina langu lilipokuwa dogo niliona halijatosha kukatwa, na lilipokuwa kubwa, nikawa na mafundi wanne chini yangu na gari lenye mabomba juu, niliona ni kubwa mno, litaumia. Mzee hakunikumbusha hata mara moja. Alikuja kwenye kazi zangu akiwa mzee sana, akainua kifuniko cha tangi, akachungulia, akakirudisha, akatabasamu.

Siku ya mazishi, baada ya udongo, tulikaa kwenye mabenchi kati ya migomba, na watu wakamsimulia marehemu. Mzee mmoja alisimama na fimbo, mguu wa kulia umenyooka. Nilimjua kabla hajasema. Sajenti Odong amestaafu, ana nyumba Isingiro. Alisema Barnaba alikuwa fundi hodari kuliko wote aliowahi kuwaona, lakini mara moja, mara moja tu, aliweka chupa tatu za mchanga ndani ya tangi la choo chake, na mpaka leo yeye najiuliza huyu mtu alikuwa nawaza nini. Watu walicheka, kicheko kile cha msibani kinachopunguza uzito. Mama Keti alicheka akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Barnaba Chupa," mtu akasema nyuma yangu. Nilikuwa kwenye benchi la pili, miguu yangu ni ya mtu mzima mwenye jina, na haikunyanyuka. Mama Keti alinitazama. Sijui Mzee alimwambia nini miaka hiyo yote.

Tulipokuwa tunaondoka, Sajenti alinishika mkono. Choo chake cha Isingiro kinarudisha uchafu, alisema, fundi wa huko ameharibu, na yeye anataka mtu aliyefundishwa na Barnaba, ila asilete chupa. Akacheka. Nikasema ndiyo, afande, nitakuja Alhamisi. Leo ni Jumatano. Pimamaji ni ile ile ya Mzee, Mama Keti alinipa, na nimeifungia kwenye taulo. Katika mfuko wa mbele nimeweka viazi sita, vya saizi ya yai. Choo nakijua, nitakimaliza kabla ya saa sita mchana, na ninakiona tayari, na moyo unanidunda kama siku ile. Lile lingine, neno la chupa, nimelijaribu tangu asubuhi, kwa sauti, hapa jikoni kwangu, na bado halijapita.